Je, Wajua? Kongosho Linaposhambuliwa na Kinga ya Mwili

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuamka macho yamegeuka njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, ngozi inamwasha usiku kucha, picha ya CT ikaonyesha uvimbe kwenye kongosho, ndugu wakaanza kunong'ona neno saratani, na kumbe ugonjwa alio nao unayeyuka kwa vidonge vya prednisoloni? Ugonjwa huo upo. Askari wa mwili wake mwenyewe wameligeukia kongosho na kulishambulia. Safu ya leo nimeitoa yote kwa ugonjwa huo, kwa sababu unafanana mno na saratani, na wapo waliopasuliwa kwa kufananishwa tu.

Je, wajua kongosho liko wapi hasa? Weka kiganja chini kidogo ya chembe cha moyo. Nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya uti wa mgongo, ndipo lilipolala kwa upana, urefu wa sentimita 15 hivi. Kichwa chake kimekumbatiwa na mkunjo wa mwanzo wa utumbo mwembamba, na mkia wake unafika hadi kwenye wengu. Kwa udogo huo humwaga utumboni zaidi ya lita moja ya maji ya kumeng'enyea chakula kila siku. Na ndani yake mna vishada vidogo vya seli vinavyotoa insulini, ambavyo Mjerumani Paul Langerhans aliviona kwa hadubini mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi.

Mbona macho yawe ya njano wakati ini ni zima? Kwa sababu mrija unaoshusha nyongo kutoka kwenye ini hupenya katika kichwa cha kongosho kabla ya kufika utumboni. Kongosho likivimba, mrija unabanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Nyongo ikikosa njia ya kushuka hurudi kwenye damu: macho yanakuwa njano, mkojo unakuwa mweusi, choo kinapauka kama udongo mweupe, na mwili unawasha. Tusiichanganye na homa ya manjano, ile inayoletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Rangi ni moja, magonjwa ni mawili.

Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa hawasikii maumivu makali. Anayevimba kongosho kwa sababu ya pombe au vijiwe vya nyongo hujikunja kwa maumivu, maumivu yanapenya hadi mgongoni, analetwa hospitali amebebwa. Huyu wa kinga ya mwili mara nyingi huja akitembea mwenyewe. Amepungua uzito, hamu ya kula imemwisha, na mke wake au binti yake ndiye aliyeona macho. Njano isiyo na maumivu pamoja na kukonda ndiyo sura ileile ya saratani ya kongosho, na ndiyo maana daktari yeyote makini huifikiria saratani kwanza.

Je, wajua kwamba magonjwa yenyewe ni mawili yaliyopewa jina moja? Aina ya kwanza huwapata zaidi wanaume wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na haishii kwenye kongosho tu. Aina ya pili huwapata wake kwa waume, mara nyingi wakiwa vijana zaidi, na wengi wao wana pia ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana unaotokana na kinga hiyohiyo. Zote mbili hukubali steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni. Tofauti kubwa huonekana baadaye: aina ya kwanza ina tabia ya kurudi, ya pili hurudi mara chache.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1961, mjini Marseille, Ufaransa, Henri Sarles na wenzake walieleza habari za wagonjwa wachache ambao makongosho yao yalikuwa yamekakamaa, macho ya njano, na protini za kinga zimejaa kwenye damu. Walijiuliza kama huu haukuwa ugonjwa wa pekee, usiotokana na pombe wala vijiwe. Swali lao lilikaa miaka zaidi ya 30. Ilikuwa 1995 ndipo Yoshida na wenzake wa Japani walipoandika habari za mgonjwa mmoja aliyepona kwa steroidi, wakapendekeza jina ambalo ugonjwa unalo hadi leo: uvimbe wa kongosho unaotokana na kinga ya mwili.

Mgonjwa mmoja tu! Mimi hilo hunigusa. Angepuuzwa huyo mmoja, angeandikiwa "chanzo hakijulikani" na faili likafungwa, sijui ni wangapi baada yake wangeendelea kukatwa.

Je, wajua IgG4 ni nini? Damu yetu ina kingamwili za namna nyingi, zile protini zinazowakamata wadudu wa maradhi. Kundi moja huitwa IgG, nalo limegawanyika mafungu manne. IgG4 ndilo fungu dogo kuliko yote. Kwa mtu mzima wa afya kwa kawaida halifiki asilimia 5 ya IgG yake. Mwaka 2001, Hideaki Hamano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shinshu, katika mji wa Matsumoto ulioko milimani Japani, walipima damu za wagonjwa 20 wa kongosho la namna hii na kukuta IgG4 iko juu sana, wakati wagonjwa wa saratani ya kongosho waliolinganishwa nao walikuwa nayo kidogo. Kuanzia hapo daktari akapata kitu cha kupima kwenye damu, badala ya kukisia kwa picha peke yake.

Miaka miwili baadaye, Terumi Kamisawa wa Tokyo alitazama vipande vya viungo vingine vya wagonjwa wa namna hii. Tezi za mate, mirija ya nyongo, matezi, tumbo: kote alikuta seli zilezile zinazotengeneza IgG4. Ndipo ilipoeleweka kwamba kongosho ni chumba kimoja tu cha nyumba inayoungua. Figo zinaweza kuguswa, mapafu yanaweza kuguswa, na tezi za machozi pia. Hata uvimbe wa tezi za mate na machozi ambao daktari Johann Mikulicz aliueleza karne ya 19, ukabaki na jina lake kwa zaidi ya miaka 100, umeonekana kwa wagonjwa wengi kuwa ni huuhuu.

Kwa hiyo ukimwona mzee macho ya njano, naye ana mashavu yaliyotuna chini ya masikio na kope za juu zilizovimba, mwambie daktari wake yote matatu. Watu hutaja njano tu, yale mengine wanadhani ni uzee.

Je, wajua kwamba ukikitazama kipande cha kongosho hili kwenye hadubini utaona mkeka? Nasema kweli. Wanapatolojia wana neno lao kwa jinsi nyuzi za kovu zinavyopishana humo, wamelichota kutoka neno la Kilatini la jamvi, storea. Nyuzi zinakuja huku, nyingine zinakwenda kule, zinazunguka kama zinaanzia kwenye kitovu kimoja, na katikati ya ukili zimesongamana seli za kinga. Mishipa midogo ya vena imezibwa. Wale wanaosuka mikeka ya ukindu Unguja au Lamu wangeitambua picha hiyo kabla ya mwanafunzi wa udaktari.

Na kwenye CT kongosho linaonekana kama soseji. Kongosho zima lina vijigawanyo vidogo pembeni, mithili ya mgomba wenye majani yaliyochanika. Hili lililovimba linakuwa laini, nene, limejaa kutoka kichwani hadi mkiani, na mara nyingine limezungukwa na ukingo mwembamba kama ganda. Picha ikiwa hivyo, kazi ya daktari ni nyepesi. Shida ni pale kichwa peke yake kinapovimba na sehemu nyingine ziko sawa. Hapo hata jicho la bingwa hubabaika.

Je, wajua upasuaji wa saratani ya kichwa cha kongosho ulivyo? Unaitwa kwa jina la Allen Whipple, Mmarekani aliyeueleza mwaka 1935. Hukatwa kichwa cha kongosho, mkunjo wa mwanzo wa utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo na kipande cha mrija wa nyongo, mara nyingi hata sehemu ya tumbo la chakula. Kisha vilivyobaki huungwa upya kimoja kimoja. Huchukua saa nyingi mezani. Kwa mwenye saratani inayokatika, ni tumaini kubwa kuliko yote. Lakini kumekuwa na wagonjwa ambao baada ya hayo yote, kile kinyama kilipofika maabara, jibu lilirudi hakuna saratani, kuna mkeka.

Hata hivyo IgG4 peke yake haitoshi kumwambia mtu yuko salama. Utafiti wa Mayo Clinic uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya kongosho wapatao 10 katika kila 100 nao wana IgG4 iliyopanda. Ikipanda hadi kuvuka maradufu ya kikomo, ndipo saratani inakuwa nadra sana, kama mmoja katika 100. Kwa upande mwingine, wengi wenye aina ya pili huwa na IgG4 ya kawaida. Kipimo kingine cha damu kinachotumika kufuatilia saratani, CA 19-9, nacho huweza kupanda kwa mtu ambaye nyongo yake imezibwa. Ndiyo maana mwaka 2011 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kutazama mambo matano kwa pamoja: picha, damu, viungo vingine, kinyama kwenye hadubini, na jinsi mwili unavyoitikia steroidi.

Hilo la tano ndilo linalonivutia. Je, wajua kwamba hapa dawa yenyewe ni kipimo? Daktari huanza kwa kuhakikisha kadiri inavyowezekana kwamba hakuna saratani: mpira wenye kamera na mashine ya mawimbi ya sauti hupitishwa kinywani hadi tumboni, na sindano nyembamba huchota chembe za kongosho. Zikirudi safi, na dalili nyingine zikielekea upande wa kinga ya mwili, mgonjwa hupewa steroidi kwa wiki mbili, kisha hupigwa picha tena. Ugonjwa huu ukiwa ndio wenyewe, uvimbe unakuwa umepungua waziwazi, na mrija wa nyongo umefunguka. Uvimbe usipotikisika, jibu ni kwamba tulikuwa tunatibu kitu kingine, na mgonjwa anarudi kwa mpasuaji haraka. Lakini ni wiki mbili tu. Kumpa mtu steroidi mwezi baada ya mwezi "tuone" bila picha ya pili ni kuipa saratani nafasi ya kukua, na saratani ya kongosho haimsubiri mtu. Tena kujisikia vizuri si ushahidi, maana steroidi humletea hamu ya kula hata mwenye saratani. Picha ndiyo shahidi.

Je, wajua kwamba macho ya njano ndiyo yaliyotufikisha kwenye dawa hii? Mwaka 1929, Philip Hench, daktari wa baridi yabisi wa Mayo Clinic huko Minnesota, Marekani, alimwona mgonjwa aliyemweleza kitu cha ajabu: tangu alipougua njano, viungo vyake vilivyokuwa vimemtesa kwa miaka vimeacha kuuma. Hench akaanza kuwafuatilia wengine wa namna hiyo. Akaona pia wajawazito wenye baridi yabisi hupata nafuu. Akaamini kuna kitu mwilini kinachotuliza uvimbe, akakiita Kitu X, akakitafuta kwa karibu miaka 20. Mwenzake Edward Kendall alikuwa akichambua maji ya tezi za adrenali, zile kofia ndogo zinazokaa juu ya figo. Septemba 1948 wakamdunga mwanamke wa miaka 29, aliyekuwa hawezi hata kugeuka kitandani vizuri, homoni ya tezi hizo iliyotengenezwa maabara. Baada ya siku chache alikuwa anatembea, akatoka kwenda madukani. Dawa ikaitwa kotisoni, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel. Nikikumbuka kwamba leo wajukuu wa dawa hiyo wanaondoa njano machoni mwa watu, namfikiria yule mgonjwa wa 1929 ambaye alisema tu ukweli wa mwili wake, na daktari aliyemsikiliza mpaka mwisho.

Watu wa mashamba ya mkonge ya Tanga, hili ni lenu. Kotisoni ya kwanza ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na ilikuwa ghali kupindukia. Dunia ikaanza kutafuta mmea wenye malighafi. Marekani ikaegemea viazi vikuu vya porini vya Mexico. Waingereza je? Mwaka 1951 wanakemia wao, akiwemo John Cornforth ambaye baadaye naye alipata Nobel, walieleza kwamba majimaji ya mkonge yana hekojenini, kitu kinachoweza kugeuzwa steroidi. Fikiria jani la mkonge linapoingia korona, kama wafanyakazi wa mashamba wanavyoiita mashine ya kukamulia. Singa zinazotoka ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Yaliyobaki ni maji ya kijani yanayowasha ngozi na makapi yenye harufu kali, yaliyokuwa yakitupwa mtoni au kurundikwa nje. Katika taka hizo ndimo ilimokuwa hekojenini, na kampuni ya Glaxo ikaitumia hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki kutengeneza steroidi zake. Wazee wetu walikata mkonge kwa kazi ya kipande, wakahesabu mafungu jua likiwaka. Hakuna aliyewaambia kwamba katika yale maji yaliyowababua mikono mlikuwa na dawa ya kwenda kuokoa viungo vya watu ng'ambo. Mimi naona wana haki ya kutajwa.

Prednisoloni yenyewe iliingia sokoni mwaka 1955, baada ya Arthur Nobile wa kampuni ya Schering kugundua kwamba bakteria fulani wakilishwa kotisoni huigeuza ikawa kali zaidi. Miligramu 5 za prednisoloni zinafanya kazi ya miligramu 25 za kotisoni.

Je, hizi ndizo steroidi za wanyanyua vyuma? Hapana. Zile ni za kukuza misuli, ni ndugu wa homoni ya kiume. Hizi za kutuliza uvimbe hupunguza misuli zikitumika muda mrefu.

Je, wajua zinavyofanya kazi? Kidonge kikishayeyuka, dawa hupenya ndani ya seli, ikashikana na mpokezi wake, vikaingia pamoja hadi kwenye kiini zilimohifadhiwa jeni. Huko huzinyamazisha zile zinazotoa amri ya vita, na kuziamsha zinazotuliza. Askari hawauawi wote. Wengi wanakosa tu tarumbeta. Kwa sababu kovu la ugonjwa huu mwanzoni bado ni changa na limejaa seli za kinga, seli zikitawanyika kongosho nalo linanywea. Kovu likishazeeka na kuwa gumu, hakuna kidonge cha kulirudisha. Hapo ndipo mapema inapokuwa na maana.

Sasa tuhesabu vidonge. Utaratibu unaotumika sana Marekani na Ulaya ni miligramu 40 kwa siku kwa wiki nne, kisha kupunguza miligramu 5 kila wiki. Vidonge vingi ni vya miligramu 5, vidogo, vyeupe, vichungu ukivichelewesha ulimini. Ni vidonge 8 kila asubuhi kwa siku 28: hivyo ni 224. Kisha 7 kwa siku kwa wiki nzima, halafu 6, halafu 5, mpaka wiki ya kidonge kimoja. Jumla ni vidonge 420 kwa wiki 11. Japani huanza kwa kupima uzito, miligramu 0.6 kwa kila kilo, kwa hiyo mtu wa kilo 60 huanza na kama 35. Vyovyote iwavyo, mgonjwa anahitaji kalenda ya ukutani, kila siku imeandikwa idadi ya vidonge kwa kalamu nzito, na mtu wa nyumbani wa kuifuta kila asubuhi. Mambo ya "nitakumbuka" hayafai hapa.

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu tezi za adrenali nazo hutoa homoni yao kwa wingi alfajiri na asubuhi, na dawa inafuata mkondo huohuo. Ukimeza jioni utakesha unahesabu boriti za dari. Meza baada ya kula.

Je, wajua kwa nini hairuhusiwi kuacha ghafla? Mwili ukizoea kupewa homoni kutoka nje, tezi zako hulala. Hupunguza kazi, na zikikaa hivyo kwa wiki nyingi husinyaa. Ukikatiza vidonge siku moja kwa sababu umepona, au kwa sababu vimekwisha na duka liko mbali, tezi haziamki siku hiyohiyo. Presha inashuka, sukari inashuka, mtu anatapika, analegea, anaweza kufa, na walio karibu naye watasema ni malaria. Kile kipunguzo cha kidonge kimoja kimoja ni muda wa kuziamsha tezi taratibu.

Sukari ina kisa chake. Ugonjwa wenyewe huleta kisukari, maana seli za insulini zimezingirwa. Steroidi nazo hupandisha sukari. Mtu angetarajia hali iwe mbaya maradufu, na kweli wapo ambao sukari hupanda wakahitaji insulini kwa muda. Lakini wapo wengine ambao kisukari kilichokuja pamoja na ugonjwa hupungua kongosho likishatulia. Ni lazima kupima sukari tangu siku ya kwanza, hasa mchana na jioni, ambapo kidonge cha asubuhi huipandisha zaidi.

Kabla ya kidonge cha kwanza, kwetu Afrika Mashariki kuna maswali manne ambayo ningependa kila mgonjwa aulizwe, na asipoulizwa ayaulize mwenyewe. Kifua kikuu kilicholala huweza kuamka. Virusi vya homa ya ini B vilivyotulia huweza kuwaka vikaunguza ini. Macho na mifupa yanahitaji kutazamwa, kwa kuwa steroidi huleta mtoto wa jicho, presha ya jicho na mifupa dhaifu. Wengi huongezewa kalsiamu na vitamini D. Na la nne ni minyoo, ile midogo inayoitwa strongiloidi. Hii huingia kwa nyayo za anayetembea peku kwenye udongo wenye unyevu, na tofauti na minyoo mingine, huzaliana ndani ya mtu huyohuyo kwa miaka mingi bila yeye kujua. Kinga ikishushwa kwa steroidi, minyoo hii huzaana bila kizuizi, hupenya utumbo ikasambaa mwilini, na wengi waliofikia hatua hiyo wamekufa. Kipimo cha choo au damu na dozi ya ivermektini huondoa hatari hiyo. Mzee aliyelima mpunga peku miaka 40, kisha akaandikiwa vidonge 8 kwa siku, ndiye ninayemfikiria ninapoandika haya.

Chanjo ya homa ya manjano, ile inayodaiwa mipakani, ni ya virusi hai. Anayetumia dozi kubwa ya steroidi hachanjwi. Apewe cheti cha daktari.

Na hili niliseme bila kulizungusha. Dawa za ukoo huuhuu, hasa deksamethasoni, zinauzwa mitaani kwa wanaotaka kunenepa mashavu na makalio. Yule anayenenepa kwa dawa hiyo anaonyesha madhara yake. Uso unakuwa wa mviringo kama mwezi, mafuta yanajaa shingoni, mikono inakonda. Na tezi zake zimelala naye hajui.

Kongosho lililovimba kwa pombe au vijiwe halitibiwi kwa vidonge hivi. Usimpe jirani yako vyako.

Je, wajua wangapi hupata nafuu? Mwaka 2009 hospitali 17 za Japani zilijumlisha wagonjwa 563. Waliopewa steroidi, 98 katika kila 100 walitulia. Wasiopewa, 74 katika 100 walitulia wenyewe, jambo ambalo nalo ni la kutafakari: ugonjwa huu wakati mwingine huondoka bila kuguswa. Ila mwenye njano, maumivu au kiungo kingine kilichoguswa hasubirishwi.

Kurudi ndiyo karaha yake. Jumla ya wagonjwa zaidi ya 1,000 wa nchi 10 ilionyesha mwaka 2013 kwamba aina ya kwanza ilirudi kwa watu 31 katika 100, na ya pili kwa 9 tu. Wajapani wakauliza: je, mgonjwa akiendelea na dozi ndogo kwa muda mrefu? Wakawagawa wagonjwa 49 kwa kura, wengine wakaacha dawa baada ya wiki 26, wengine wakaendelea na miligramu 5 hadi 7.5 kwa siku kwa miaka mitatu. Ugonjwa uliwarudia 58 katika 100 ya walioacha, na 23 katika 100 ya walioendelea. Madaktari wengi wa Ulaya na Marekani bado wanaogopa miaka mitatu ya steroidi kwa wazee wenye mifupa myepesi na sukari ya kupanda, na siwezi kuwalaumu. Habari njema ni kwamba ukirudi, mara nyingi hukubali tena dawa ileile.

Wale wanaorudiwa mara kwa mara sasa wana rituksimabu, dawa ya dripu inayoondoa seli B, mama wa seli zinazotengeneza kingamwili. Na Aprili 2025 Marekani iliidhinisha inebilizumabu kwa ugonjwa wa IgG4, ule unaoshika kongosho pamoja na viungo vingine; ni dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa jina la ugonjwa huu. Bei yake haifanani hata kidogo na ya prednisoloni, ambayo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na kwenye rafu za maduka ya dawa kuanzia Bujumbura hadi Mombasa.

Je, wajua kwamba Uingereza mgonjwa wa steroidi hupewa kadi ya kutembea nayo? Akipata ajali au akizimia njiani, anayemfungua mfuko anajua kwamba mtu huyu tezi zake zimelala, anahitaji sindano ya haidrokotisoni upesi. Asiye na kadi anaweza kukata kipande cha daftari, akaandika: "Natumia prednisoloni, miligramu kadhaa kwa siku, tangu tarehe fulani. Msiikatize." Aandike na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, akikunje, akiweke pamoja na kitambulisho chake.